Jogoo Aliyejinyonyoa Shingo

Mwezi Januari alianguliwa kifaranga jike asiye na manyoya shingoni. Bandani walimwita Kishingo.

"Dada, mtandio umeusahau ndani ya yai?" jogoo Mbwembwe alimtania.

Kiangazi kilichofuata, joto liliua vifaranga wote wa Mbwembwe. Kishingo aliendelea kudonoa juani. Mbwembwe akajinyonyoa shingo ili wanawe watakaofuata wamrithi. Walitoka na manyoya tele, joto likawaua pia.

Akamwendea Kishingo. "Dada, nimejinyonyoa mpaka damu, lakini wapi!"

"Kaka, wewe umeng'oa yaliyoota. Yangu hayakuota tangu kwenye yai. Ukitaka watoto wa namna hii, lete posa."

Walioana. Nusu ya vifaranga wao walitoka na shingo tupu, wakavuka kiangazi.

"Wamefanana na baba yao," Mbwembwe aliwaambia majirani. Manyoya yake yalikuwa yameshaota upya.