Pumzi Nyuma ya Barua

Mwenyekiti wa baraza la rufaa alimwuliza maswali saba, naye askari mstaafu akayajibu yote pasi na kukosea.

"Mzee wangu, mbona unasikia vizuri kunishinda mimi?" akacheka mwenyekiti. "Daktari naye aliandika hivyo hivyo. Ndiyo maana ukanyimwa fidia."

"Hasikii, mwanangu, anasoma midomo!" akadakia mkewe. "Tangu lile kombora lilipomlipukia vitani, nikimwita kwa nyuma ni sawa na kuuita ukuta. Ila ukaidi wa kijeshi huo! Hataki mtu ajue."

Askari akamwona mkewe akiinuka na kuichukua mezani barua ya kukataliwa. Mke akajiziba nayo mdomo, kisha akamgeukia mumewe.

Karatasi ikaanza kutikisika kwa pumzi zake. Ikatulia, ikatikisika tena, kama pazia penye upepo mdogo. Juu yake yalibaki macho tu, nayo yalikuwa yakilengwa na machozi.

Karani akaacha kuandika. Mwenyekiti akainamisha kichwa.

Nyuma ya karatasi ilikuwamo sauti ile iliyomuaga mlangoni siku alipokwenda vitani, sauti aliyokuwa akiitafuta miaka yote kama mwenye kiu atafutaye kisima alichowahi kukinywea. Wageni wawili walikuwa wameisikia. Yeye, la.

Mwenyekiti akainua uso. "Amesema nini, mzee?"

"Sijui," akajibu, kwa mara ya kwanza bila kuona haya.

Kisha akaushika mkono wa mkewe, akaishusha barua taratibu.

"Rudia, mke wangu."