Bi Fuko Akataa Kusemewa

Kaeni kitako, ni fupi. Mfalme Nyati hakusikiliza mnyonge ila kwa kinywa cha Kasuku, na Kasuku hakufikisha neno chungu.

Bi Fuko, mchimbaji, akaona maji yamekula ukingo wa mto alipokaa mfalme. Akamwambia Kasuku: “Mwambie ahame, ataporomoka!”

Kasuku akafikisha: “Bwana, Bi Fuko asema mahali hapa panakupendeza.”

Fuko akasonya, akazama ardhini, akachimba. Mguu wa mfalme ukatumbukia hadi gotini.

“Nani huyo?” alifoka Nyati, akiruka kando.

“Mimi, bila tarishi! Niadhibu, ila kwanza tazama nyuma.”

Ukingo ulikuwa unaporomoka mtoni.

“Kasuku, mbona hukuniambia?”

“Niliogopa kukuudhi, bwana.”

Fuko akajipangusa pua. “Basi kuanzia leo tutakuudhi wenyewe.”