Mama Mmoja Tu

Siku hizi aliye ng'ambo anaruhusiwa kumtembelea na kumtumia pesa mama mmoja tu, tena kwa siku kumi kila baada ya miaka mitatu. Mashavu kazaliwa na mdogo wangu Raya. Mimi ni mama yake mkubwa. Mashine ya mtaa inayoandikisha akina mama iliponiuliza, "Wewe ni mama wa Mashavu?" nilijibu kama tunavyosema sote, "Ndiyo, mimi mama yake." Ikaandika. Ilinipa siku saba za kusahihisha, nami nikanyamaza, maana nilitaka kumwona mtoto.

Jana Mashavu alifika kutoka ng'ambo. Nikiwa nampakulia pweza wa nazi, Raya akapiga hodi, akaingia. Bangili ya safari mkononi mwa Mashavu ikauliza, "Huyu ni nani?" Tukisema kweli, anarudishwa siku hiyohiyo.

"Jirani," nikasema.

Raya alisimama palepale. "Ndiyo, jirani. Nimekuja kuomba chumvi."

Hakumgusa mwanawe. Nikamfungia chumvi kwenye karatasi, akaipokea kwa mikono miwili. Maisha yake yote ananiita dada.

"Ahsante, bibi," akaniambia, akatoka.