Mwandiko wa Angani

Ukumbi ulijaa marubani wa majaribio, wale wanaorusha ndege ambayo bado hakuna anayeiamini. Kila mwaka walimtuza mmoja wao, si kwa ushujaa, bali kwa kichwa chake cha ufundi. Mwaka huu ilikuwa zamu ya Mwanaidi.

Mhandisi mkuu, Chilumba, aliinua karatasi iliyotiwa kwenye fremu. Iliandikwa kwa penseli, herufi zake zina meno kama msumeno. Mwanaidi aliitambua. Aliiandika gotini akiwa angani, siku aliyokatisha jaribio na kutua mapema. Vipimo vyote vilisema ndege ni nzima, na karakana yote ikamcheka kwamba ametetemeka kwa woga.

"Hata mimi nilicheka," Chilumba alisema kwenye kipaza sauti. "Akaweka rula juu ya mwandiko wake, akaniambia, 'Hesabu haya mawimbi, mzee. Yamelingana mstari kwa mstari. Woga hautetemeki kwa kipimo. Iliyotetemeka ni ndege.' Tukafungua mkia, tukakuta ufa unaopitisha ukucha."

Ukumbi mzima ukasimama, makofi yakarindima.

Mwanaidi alipanda jukwaani, akapokea ngao, kisha akapewa kalamu atie sahihi kwenye kitabu cha washindi. Macho yote yalikuwa mkononi mwake. Kalamu ilipogusa karatasi, mkono ukaanza kutetemeka, na safari hii bila kipimo chochote. Mwanaidi akacheka, akauacha uandike.