Mmoja, Mwalimu

Tangu darasa la kwanza, mapacha Kulwa na Doto walikaa dawati moja. Hata ilipofika siku ya kuchagua somo la hiari, Kulwa alinyoosha mkono kwa niaba ya wote wawili: kompyuta.

Sasa Kulwa alikuwa akibonyeza vitufe kwa furaha, herufi zikijipanga kwenye skrini. Doto, pembeni yake, alitazama dirishani. Ng'ambo ya uwanja, kwenye karakana ya ubunifu, wanafunzi walikuwa wakikunja waya kutengeneza taa za mezani.

"Kulwa," alinong'ona. "Mimi nataka kule."

Vidole vya pacha wake vikasimama. "Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea. Ila hapa wewe unafanya, mimi nakutazama tu."

Doto akaanza kujuta. Alitaka kusema basi, yaishe, nabaki. Lakini Kulwa alikwisha kuinama chini ya meza. Alitoa mkoba wa Doto, akaomba ruhusa, akaubeba yeye mwenyewe mpaka karakana.

Mwalimu wa ubunifu, mwanamke mwenye vumbi la mbao kwenye nywele, aliwakuta mlangoni. "Mmekuja wawili?"

"Mmoja, mwalimu," Kulwa alijibu. Akamvika Doto mkoba begani, akamwekea kola sawa kama afanyavyo mama yao.

Doto aliingia, akapewa kipande cha waya. Alianza kukikunja taratibu bila kugeuka nyuma, huku akisubiri kusikia nyayo za Kulwa zikiondoka barazani.