Filamu ya Belinda Haina Sauti

Filamu ya Belinda ilikataa kutoa hata neno moja. Sixbert alichomoa nyaya, akazichomeka tena, akaigonga spika kwa kiganja kama mtu anayemwamsha mlevi. Kimya. Na banda umiza lake lilikuwa limejaa mpaka mlangoni Jumapili hiyo baada ya ibada, watu wamekuja kuona filamu iliyorekodiwa hapahapa Itigi.

"Itie maneno wewe," Belinda alimwambia. Alikuwa ametulia mno kwa mtu ambaye kazi yake ya mwaka mzima inaharibika.

"Sijaiona hata mara moja. Nitajuaje wanasema nini?"

"Kwani za Wachina huwa unajua wanasema nini?"

Hapo alimpata. Sixbert ndiye dijei wa banda, anayeshika maikrofoni na kuzitia Kiswahili filamu za nje, na Kichina hajui hata salamu. Humwangalia mtu usoni tu, akampa maneno. Majambazi wakubwa wa dunia wameshatukanana kwa kejeli za Itigi. Ila maneno yake mwenyewe, mh, kinyozi hajinyoi. Belinda akija, Sixbert alimwambia karibu. Akiondoka, alimwambia karibu tena. Miaka ikapita hivyo, na moyo wake unawaka.

Tena Belinda hakuwa mtu wa filamu za mabomu. Aliyoipenda kuliko zote ni ya mzee mmoja anayechimba kisima mwanzo mpaka mwisho, hana wa kuongea naye. Siku ilipoonyeshwa mara ya kwanza, wateja walianza kuinuka. Sixbert, ili kuokoa jahazi, akamfanya mzee azungumze na marehemu mkewe, na waliosimama wakakaa. Belinda aliomba irudiwe, na wiki iliyofuata akaiomba tena.

"Sasa hii yako ni ya namna gani?" Sixbert alimuuliza.

"Filamu huru."

"Huru ndiyo nini?"

"Hakuna tajiri wa kukwambia mwisho uweje. Kuna muuza asali alitaka kunifadhili, mradi kila tukio lionyeshe ndoo zake. Nikamwambia abaki nazo."

"Na nikiuharibu huo mwisho?"

"Sema unachokiona. Ila usikimbie, Dijei." Akachukua rimoti, akasema ataishika yeye mwenyewe.

Kilichomtisha Sixbert zaidi kilikuwa benchi la nyuma. Mzee Hezekia, baba yake Belinda, ambaye siku zote huliita banda kijiwe cha wavivu, alikuwa amekaa pale na koti lake la kanisani, wadogo zake wawili pembeni. Sixbert alishampa shikamoo. Mzee aliitikia marahaba huku akimpima juu mpaka chini. Filamu ikidoda mbele ya baba, Belinda hatakanyaga tena hapa, na Sixbert alilijua hilo vizuri. Akageuza kofia kisogoni, kama afanyavyo akianza kazi, akashika maikrofoni.

Kwenye kioo Belinda alitokea amebeba beseni la karanga, anavuka reli. Sixbert akampa sauti nyembamba ya kuisema treni kwa kuchelewa. Watu wakacheka, naye akapata nguvu. Kisha akatokea mwanamume, kofia kisogoni, kamera imemchukua kwa mgongo tu. Alisimama kama mlingoti. Sixbert, bila kufikiri, akampa neno moja.

"Karibu."

Mwenye karanga akapita zake.

"Karibu tena."

Banda likavunjika mbavu. Siku ya pili kwenye filamu, karanga zilezile, mgongo uleule, karibu, karibu tena. Watu sasa walikuwa wanayasema pamoja naye. Stumai, muuza maandazi wa pale mlangoni, alikuwa anajifuta machozi kwa khanga.

"Huyu kaka ana ugonjwa gani?" akauliza. "Mtoto mzuri hivi, yeye karibu tu?"

Jasho likaanza kumtoka Sixbert. Aliuangalia ule mgongo na akaanza kuuonea aibu.

Kwenye kioo Belinda akatua beseni chini. Akamwangalia yule mwanamume, akangoja. Akaendelea kungoja, hata kope hapepesi.

"Imeganda," Sixbert alinong'ona.

"Haijaganda," Belinda akajibu, macho kwenye viatu vyake. "Endelea."

"Sema, Dijei," mtu akaita.

"Mpe neno mwenzio," Stumai akadakia. "Ataondoka na karanga zake huyo, utabaki kunusa."

Sixbert alifungua mdomo na sauti za filamu zote zikamkimbia. Ilibaki moja, ile anayonunulia chumvi dukani.

"Belinda," alisema. "Maneno ya watu nayaweza. Yangu ndiyo yananishinda. Nakupenda tangu ile ya kisima, na nataka nikuoe."

Nje, maandazi yalisikika yanavyokaangwa. Sixbert alitamani ardhi ipasuke. Pembeni yake, kidole cha Belinda kikabonyeza rimoti, na kwenye kioo mwenye karanga akacheka, akatikisa kichwa kukubali.

Picha ikabadilika. Ikaja nyumba ya Mzee Hezekia mchana kweupe, mzee mwenyewe amekaa kwenye kigoda na lile koti la kanisani, wadogo zake wawili pembeni, wote wanaliangalia banda. Midomo ya mzee ikaanza kucheza. Sixbert akainua maikrofoni ampe maneno, lakini spika zikamtangulia, safi kabisa, mpaka kikohozi cha mzee kilisikika.

"Tumekusikia, Sixbert. Sasa tuletee mshenga, maana posa haisemwi kwenye spika."