Sarafu ya Kombo

Mgeni aliikuta sarafu ndani ya kopo lililofichwa nyuma ya stesheni ya zamani. Ndio mchezo wake na wenzake wanaosafirisha sarafu: anayeiona huipeleka mbele, akaifiche mji mwingine. Alipoingiza kwenye simu namba iliyochongwa ukingoni, aliona jina la aliyeianzishia safari: Kombo, wa mji huu huu. Akauliza njia, akaelekezwa mlangoni kwa Bi Zawena.

"Kombo ni mwanangu," Bi Zawena alisema. "Tulimzika mwaka jana."

"Pole sana, mama. Basi ibaki kwako. Wenzangu wataelewa."

Bi Zawena akaipokea, akaigeuza. Upande wa pili palichongwa neno la taifa lao: HATUACHANI. Kila mtoto wa nchi ile hujua lilikotoka. Wakimbizi wa vita walikuwa wakivuka mto uliofurika, wameshika kamba moja. Maji yalipotaka kuwazoa wote, waliokuwa nyuma waliiachia kamba ili wa mbele wafike. Neno hilo walilipaza wakati wanaiachia. Tangu shuleni Bi Zawena aliliona kama kejeli.

"Unaelekea wapi, mwanangu?"

"Ng'ambo ya milima, mama. Kesho asubuhi."

"Kombo hakuwahi kufika huko."

Akaushika mkono wa mgeni, akaiweka sarafu kiganjani, akavikunja vidole vyake juu yake kimoja kimoja.

"Hatuachani," alisema taratibu.

Ngumi ya mgeni ilikuwa imeshafungwa. Mikono ya Bi Zawena ilikuwa bado imeifumbata.